Kabla Hujasema Panya Amekuwa Sugu

Hotuba kwa maafisa ugani, wenye maghala na wauza pembejeo wa Tanga

Asalaam alaikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Kuna lalamiko moja ambalo wauza pembejeo mliopo hapa mnalijua kwa moyo, kuanzia Mkinga hadi Pangani: "Sumu za siku hizi hazina nguvu. Panya wanakula na kunenepa." Muuzaji hujibu kwa kuvuta pakiti ya rangi nyingine kutoka rafu ya juu. Mteja hulipa, na baada ya mwezi anarudi na maneno yale yale. Lalamiko hilo hubeba mambo mawili ambayo kwa nje yanafanana kabisa: usugu wa kweli, ulio ndani ya mwili wa panya, na chambo kilichowekwa vibaya. Tiba ya moja si tiba ya jingine. Ukikosea kuyatofautisha, unaanza kuufuga usugu wenyewe shambani kwako.

Tuanze na namna sumu inavyoua. Punje za rangi, vipande vya nta na vifuko vya unga mnavyouza, karibu vyote ni vya ukoo mmoja: vinazuia damu kuganda. Ini la panya hutengeneza protini za kugandisha damu, na nne kati yake, zile zinazopewa namba 2, 7, 9 na 10, hazikamiliki bila vitamini K. Vitamini hiyo ikishatumika huhuishwa na kimeng'enya kiitwacho VKOR ili itumike tena, kama ndoo inayoshuka kisimani na kupanda kutwa nzima. Sumu hukikamata kimeng'enya hicho. Ndoo haishuki tena. Protini zilizokuwamo tayari ndani ya damu huisha polepole, na mshipa mdogo ukipasuka haufungi. Ndiyo maana panya hafi usiku ule aliokula. Hufa kati ya siku 3 na 10, mara nyingi akiwa shimoni au darini, na mwenye nyumba anaambulia harufu tu.

Kuchelewa huko ndiko kunakoipa sumu hii thamani. Panya hula chakula kigeni kwa kuonja, na tumbo likimuuma muda huo huo hakigusi tena. Sumu ikichelewa, hana namna ya kuhusisha maumivu ya Ijumaa na alichokula Jumatatu. Lakini mteja aliyezoea ile sumu ya kufungwa kwenye kipande cha plastiki, isiyo na jina wala lebo, anataka kuona mzoga asubuhi. Asipouona anasema ameuziwa chumvi. Hiyo ya mtaani msiilinganishe na hizi: haijulikani ni nini, na inaua mtoto na mbuzi kwa wepesi ule ule.

Warfarini ndiyo iliyotangulia. Asili yake ni ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakivuja damu hadi kufa miaka ya 1920 kwa kula majani makavu yaliyoota ukungu. Kemia ya majani hayo ilifumbuliwa Wisconsin, Marekani, katika maabara ya Karl Paul Link, na warfarini ikaanza kutumika kuulia panya mwaka 1948. Mwaka 1958, miaka 10 tu baadaye, panya wa shamba moja la Uskoti walionekana wakila warfarini bila kufa. Denmark ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Marekani mwaka 1971. Ndipo wakemia wakatengeneza kizazi cha pili: difenakumu, bromadioloni, brodifakumu, flokumafeni na difethialoni. Warfarini, kumatetralili na klorofasinoni zikabaki na jina la kizazi cha kwanza.

Naomba mlishike jambo hili: vizazi vyote viwili vinakamata kimeng'enya kile kile. Kizazi cha pili kinakamata kwa nguvu zaidi na kukaa mwilini muda mrefu zaidi, basi. Kwa hiyo kumtoa mteja kwenye pakiti nyekundu na kumpa ya kijani si kubadili sumu. Mara nyingi hata kemikali ni ile ile, jina la biashara tu ndilo tofauti. Someni maandishi madogo yanayotaja kiambata amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua. Nayo namba ya usajili wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iwepo kwenye lebo. Isipokuwepo, hatuna hata la kujadili.

Sasa usugu wenyewe. Mwaka 2004 watafiti waliitambua jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho, wakaiita VKORC1. Protini yake ni mnyororo wa viungo 163, yaani asidi amino. Kiungo kimoja tu kikibadilika mahali pabaya, sumu haishiki, kama ufunguo kwenye kitasa kilichobadilishwa pini moja. Kwa panya wakubwa wa Ujerumani na Denmark, kilichobadilika zaidi ni kiungo cha 139. Kusini mwa Uingereza ni cha 120, na panya wenye badiliko hilo hustahimili hata bromadioloni na difenakumu. Panya wadogo wa nyumbani nao wana mabadiliko yao, na baadhi ya wale wa Ulaya waliyapata kwa kuzaa na jamii nyingine ya panya iliyokuwa nayo tayari. Usugu unarithiwa. Hauambukizwi, wala panya mmoja hauzoei kwa kuonja onja kama watu wanavyodhani. Ni hivi: kati ya panya 1,000 huenda wawili wamezaliwa nao. Chambo kikiua wengine wote, hao wawili wanabaki na shamba zima, bila wa kugombania naye chakula, na wanazaana.

Hesabu kidogo itaonyesha mahali tunapowasaidia. Chambo cha bromadioloni cha asilimia 0.005 kina miligramu 50 za sumu katika kilo nzima. Panya mkubwa wa mitaro, kiwango cha kuua nusu yao ni kama miligramu 1.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mwenye gramu 200 anahitaji miligramu 0.22, yaani gramu 4.5 hivi za chambo. Kwa siku anakula karibu gramu 20, kwa hiyo usiku mmoja unatosha na kuzidi. Tuchukue sasa mwenzake mwenye usugu wa mara 3: anahitaji gramu 13.5. Bado anakufa usiku ule ule, mradi chambo kipo cha kutosha! Lakini umeweka kijiko kimoja, wamekigombania panya sita, na yeye amepata gramu 5. Wenzake wasio sugu waliopata gramu 5 wamekufa, yeye amepona. Ndivyo ubahili wa chambo unavyochagua mbegu ya panya. Na kwa mwenye usugu wa mara 15 zinahitajika gramu 67, yaani mlo wa siku tatu hadi nne mfululizo. Ukijaza chambo mara moja ukaondoka, huyo humpati.

Turudi kwenye lalamiko la dukani. Kabla hatujataja jeni, tutazame yanayoiga usugu, maana ni mengi, na pwani yetu ina ya kwake.

La kwanza ni kutojua ni panya yupi. Anayefukua mbegu za mahindi Muheza na Handeni ni panya shamba, yule mwenye safu ndefu za chuchu, anayeweza kuzaa zaidi ya watoto 10 kwa mkupuo na kubeba mimba kwa wiki tatu na siku chache. Anayekimbia kwenye kenchi na kukata vidaka vya minazi ni panya paa, mwenye mkia mrefu kuliko mwili. Mitaro ya bandarini ina yule mkubwa, mzito, wa mkia mfupi. Kisha kuna kale kadogo ka kabatini. Takwimu nyingi za sumu zimetokana na yule wa mitaro, ambaye ndiye dhaifu kuliko wote mbele ya sumu hizi. Vipimo vya zamani vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha pengo lenyewe: kumtangaza panya wa mitaro kuwa sugu, alipewa chambo cha warfarini cha asilimia 0.005 kwa siku 6. Kwa panya paa ilibidi kiwe cha asilimia 0.025 kwa siku 28, na kale kadogo siku 21 kwa kiwango hicho hicho. Maana yake panya paa wa kawaida kabisa, asiye na badiliko lolote la jeni, huvumilia kuliko yule anayesemwa na vitabu. Mwenye ghala aliyeweka warfarini siku tano akaacha, hajakutana na usugu. Hajamaliza kazi.

La pili ni wageni. Shamba la ekari moja lililozungukwa na vichaka na mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa haliwezi kusafishwa peke yake. Panya wake wanakufa, na baada ya wiki mbili tatu wa jirani wameshahamia kwenye mashimo matupu. Mkulima anaona idadi ile ile, anasema sumu imeshindwa, kumbe anawaangalia wapangaji wapya. Kwa mahindi hatari kubwa ni kuanzia siku ya kupanda hadi mche uwe na wiki mbili hivi, baada ya hapo panya hana haja nao. Kwa hiyo chambo kiwekwe siku chache kabla ya kupanda, na majirani wakubaliane siku moja. Ukiweka vituo kwa umbali wa meta 10 kila upande, hekta moja ina vituo kama 100, na gramu 20 kila kituo zinakuwa kilo 2. Lebo ikisema vingine, fuateni lebo. Kuweka chambo mwezi mmoja baada ya mahindi kuota ni kuwalisha panya tu. Na mvua za vuli zikiwa nyingi kupita kawaida, jiandaeni mapema: panya shamba huanza kuzaa mapema na msimu unaofuata hufurika.

La tatu, mla chambo si panya. Kando ya mikoko, Pangani na kushuka hadi Bagamoyo, kaa wa nchi kavu wanabeba vipande vya nta usiku na kuviingiza mashimoni. Kaa hafi, kwa sababu damu yake haigandi kwa njia ya vitamini K. Konokono naye anatafuna, siafu wanabeba punje, kuku wanadonoa na wao wanadhurika. Chambo kinakwisha kila siku, panya hawapungui, na daftari linaonyesha "ulaji mzuri". Tazameni alama: jino la panya huacha mifereji miwili midogo sambamba, kaa anamega vipande visivyo na mpangilio, konokono anaacha ute. Inueni chambo juu ya kigingi au tofali mbili, ndani ya bomba la plastiki la inchi 3 lenye urefu wa nusu meta au mwanzi uliotobolewa.

La nne ni chakula kinachoshindana. Ghala limejaa mahindi, nawe unampa panya mahindi yaliyopakwa rangi. Kwa nini ayaache matamu? Humo ndani abadilishiwe ladha: nazi iliyokunwa, dagaa, karanga. Kinachomkosesha raha panya paa ndani ya ghala kavu ni maji, kwa hiyo ziba bomba linalovuja na ondoa ndoo, chambo kitaliwa zaidi. Wafugaji wa kuku wana tatizo la ziada: chakula cha kuku kiwandani hutiwa vitamini K3, na kwa panya aliye sugu tayari, hicho ni msaada juu ya msaada. Funikeni vyombo vya chakula usiku.

La tano ni ukungu. Unyevu wetu huu, punje zilizofunguliwa masika hazimalizi wiki. Kipande cha nta huvumilia zaidi, ingawa panya wanakipenda kidogo kuliko punje.

Minazi naiweka peke yake. Panya paa aliyeweka maskani kileleni hana haja ya kushuka, hasa makuti yakigusana, hivyo chambo cha shinani anakisikia kwa mbali tu. Mkanda wa bati laini wenye upana wa sentimita 30 hadi 40, uliofungwa kuzunguka shina kwenye kimo cha meta 2 hivi kutoka ardhini, unamzuia kupanda bila tone la sumu. Lakini makuti yanayogusa mti wa jirani yakatwe kwanza, na aliyeko juu atolewe. La sivyo umemjengea boma. Minazi ikiwa imesongamana kiasi kwamba makuti yanayogusana hayawezi kukatwa yote, bati ni hasara, na kipande cha nta kifungwe kwa waya kileleni kabisa.

Ukishayaondoa yote hayo na ulaji bado haushuki, sasa una haki ya kushuku usugu. Mahali pazuri pa kupima ni pale pasipo wageni: ghala la kuta imara, banda lililofungwa, si shamba la wazi. Pimeni kwa mizani kila kituo kabla na baada, muandike. Kwa kizazi cha kwanza, kituo kisikauke hata siku moja hadi ulaji ukome. Kwa brodifakumu na wenzake, wekeni kidogo, ongezeni baada ya siku 7, kisha baada ya 7 nyingine, ili panya aliyeshakula dozi yake asiendelee kula bure akisubiri kufa. Panya walio dhaifu, ulaji huporomoka wiki ya pili. Ulaji ukibaki pale pale baada ya wiki nne, alama ni za panya kweli, na wanaonekana wazima, hilo si suala la kuongeza pakiti.

Usugu ukithibitika, jambo la kwanza ni kuacha ile sumu iliyoshindwa. Kila wiki ya ziada inaua waliokuwa dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Pili, mchanganye njia zisizotegemea damu. Mitego ya kubana ni ya kwanza, mingi kwa mara moja: 30 usiku mmoja inashinda mitatu mwezi mzima. Itegwe kwenye njia ya panya, kitako kikigusa ukuta, na usiku mbili za mwanzo iwekwe chambo bila kufyatuka ili panya paa aizoee. Nje, zinki fosfidi ina nafasi yake. Ni unga wa kijivu cheusi unaotoa gesi ya sumu ukikutana na asidi ya tumbo. Ule wa asilimia 80, gramu 25 katika kilo moja ya mahindi yaliyobarazwa yenye mafuta kidogo, unatoa chambo cha asilimia 2. Siku tatu za mwanzo wape mahindi matupu, ya nne ndiyo yenye sumu. Ukiruka hizo siku tatu, wataonja, wataumwa, na kwa miezi hawatagusa. Ichanganyeni nje, kwa glavu na kinyago, upepo ukitokea mgongoni, na kamwe unga usipate maji. Mkisikia harufu kama ya kitunguu saumu, ondokeni. Ndani ya nyumba isiingie kabisa.

Tatu ndipo ije brodifakumu, flokumafeni au difethialoni, ndani ya visanduku vilivyofungwa, kwa wiki chache, kisha chambo chote kikusanywe. Visanduku vinavyokaa vimejaa mwaka mzima "kwa tahadhari" ndivyo vinavyofuga panya sugu wa kesho. Sumu hizi hukaa kwenye ini kwa miezi, na anayemla panya huyo anairithi: paka, mbwa, bundi. Najua bundi hapendwi kwetu na akilia juu ya paa watu hunong'ona, lakini yeye ndiye mtegaji anayefanya kazi usiku kucha bila kulipwa. Mizoga itafutwe kila asubuhi ifukiwe nusu meta chini. Mtoto akimeza chambo, apelekwe hospitali na pakiti yake hata kama anacheza, kwani damu huonyesha tofauti baada ya siku moja mbili. Dawa yake ni vitamini K1, na ile K3 ya kuku haiwezi kuchukua nafasi yake.

Wa Lushoto nawaongezea moja. Mnaijua tauni iliyozuka kwenu kuanzia 1980. Panya wakifa wengi kwa ghafla, viroboto vyao hutafuta damu nyingine. Pale penye dalili za tauni, viroboto vinyunyiziwe dawa kwanza, panya baadaye, na wa afya wajulishwe kabla ya yote.

Kwa anayetaka uhakika wa jeni, sampuli ni rahisi kuliko mnavyodhani. Panya aliyenaswa kwa mtego kwenye eneo lenye shaka, kata ncha ya mkia sentimita 1 hadi 2 kwa wembe safi, mpya kwa kila panya. Itie kwenye kichupa chenye alkoholi ya asilimia 80 au zaidi, ifunike yote, na uhifadhi mbali na jua. Kumi zinazotoka ghala moja zina maana kuliko moja kutoka kila kijiji. Wataalamu wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ndio wa kuulizwa kabla ya kutuma. Ndani ya kichupa tieni karatasi yenye tarehe, mahali, aina ya panya na sumu iliyotumika. Iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu unayeyuka kwenye alkoholi.